Ukumbi wa Mawe Meusi

Saa nane ya mchana, Mei 2012, soko la Lodwar limejaa watu, na Mugure anapapasa kuta. Kuta za maduka ya watu, jamani! Anaweka kiganja kwenye mabati, anakiondoa mbio, anahamia kwenye matofali, anaandika kitu daftarini. Wauza vikapu walikuwa wameshaanza kunong'onezana mwanamume mrefu aliposimama kando yake, ovaroli ya bluu, kofia yenye unyoya.

"Dada, huo ukuta umekukosea nini?"

Mugure akacheka, akajieleza. Yeye ni msanifu wa majengo kutoka Nairobi, ameletwa kuchora ukumbi wa jamii, na anatafuta ukuta usiochoma. Mwanamume akasema anaitwa Ekai, fundi wa pampu za maji kule Kakuma, amefuata vipuri. Akamwuliza ametoka Kenya lini. Mugure akamwambia hata hapa ni Kenya.

"Tunasikia hivyo," Ekai akajibu, akampeleka nje ya mji kumwonyesha vilima vya mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno enzi ambazo hazina wa kusimulia.

Tuseme ukweli. Mugure alikuwa na miaka thelathini na sita, na alikuwa amezoea kula huku anasoma ili asikione kiti cha pili. Jioni ile walikula nyama ya mbuzi pamoja, na kitabu kikabaki mkobani. Alimtaka mtu huyu. Hakujidanganya hata kidogo.

Kwa miezi minne mapenzi yao yaliishi kwenye simu, maana Kakuma si hapo nje na barabara yenyewe ilikuwa mateso. Ekai alimwita "injinia wangu", akamfundisha kujibu salamu ya ejok vizuri, akamcheka alivyoivuta. Akipata nafasi alishuka Lodwar, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mugure naye alijifunga kitambaa chake cha manjano, akatandaza ramani mezani: kuta nene za mawe yale meusi, paa lililoinuliwa kidogo ili joto litoroke, mgongo wa jengo umeuelekea upepo wa ziwani, mashariki, na mlango upande wa magharibi, penye utulivu. Ekai aliangalia kwa muda mrefu.

"Nzuri," akasema.

"Hakuna kasoro?"

"Wewe ndiye mjenzi, mpenzi. Mimi yangu ni maji."

Septemba wakaitisha baraza katika uwanja wa kanisa. Mugure akaeleza ukumbi wake vizuri, mpaka jasho likamtoka. Alipoketi, mama mzee aitwaye Nakeno alimnong'oneza Ekai kitu. Ekai akasimama, akaongea Kiturkana kirefu. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakacheka. Mugure akamwuliza Abigael, karani wa kamati, kulikoni.

"Anasema mlango umekaa vibaya, madam. Boma la hapa linaangalia jua linakotoka."

Uso ulimwaka. Miezi minne! Miezi minne mtu anakula naye, anaiangalia ramani ile ile, anasema nzuri, halafu anakuja kumvua nguo mbele ya umati? Baraza lilipovunjika hakumngoja. Ekai alipopiga simu, alimpa sentensi moja tu, kwamba amemfanya mjinga na asimtafute tena. Akakata. Ekai alipiga tena siku ile, na kesho yake, na wiki mbili nzima. Mugure aliangalia simu ikilia, akanyamaza. Wiki ya tatu ikaacha kulia, na hapo ndipo alipotamani ilie.

Mlango aliuacha magharibi. Upepo alikuwa ameupima kwa vyombo, na vyombo havikuwa na ubishi. Kiburi hicho!

Machi 2013 ukumbi ulikamilika, na kusema kweli ulipendeza. Ndani palikuwa baridi kama mtungini. Lakini kina mama wasukaji hawakuingia. Waliketi nje, wameegemea ukuta wa mashariki kwenye kivuli cha alasiri, wanasuka vikapu vyao. Wiki ya kwanza hivyo, wiki ya nne hivyo. Mugure alizunguka mle ndani akisikia viatu vyake mwenyewe. Siku moja akafunga mkoba, akaenda Kakuma.

Alimkuta Ekai kwenye kisima, mikono imejaa grisi. Hakusalimia. Alimwuliza kwa nini hakumwambia mapema, wakiwa wawili.

"Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke," Ekai akasema. "Anakata miti, anaikunja, anaweka mlango anapotaka. Mwanaume akianza kumwelekeza mkewe, anachekwa. Nilidhani unajua, una sababu yako. Na siku ile hayakuwa maneno yangu. Mama Nakeno sauti imemkauka, aliniomba nimsemee."

"Umesema mkewe?"

"Nilikuwa nimeshakuhesabu hivyo."

Mugure alishika bomba lililokuwa karibu. "Na sasa?"

Ekai alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Wazee walienda Namoruputh mwezi wa kwanza. Kuna binti huko. Mifugo imeshapelekwa." Kisha akasema kwa upole, "Ulinyamaza sana, Mugure."

Alitaka kumwambia mifugo irudi. Neno lilimfika mdomoni kabisa. Lakini huyo binti wa Namoruputh alikuwa amemkosea nini? Akamtakia heri, akarudi Lodwar akilia waziwazi mbele ya abiria, na hakuona haya.

Aliubomoa ukuta wa mashariki, akaweka mlango mpana. Mbele yake akajenga kiukuta kifupi cha mawe meusi, kimepinda, cha kuuvunja upepo. Juni ukumbi ukafunguliwa upya. Kina mama walikuja na shanga zao shingoni, wakafika mlangoni, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Amekosea nini tena?

Nakeno akasema kitu kwa sauti yake nyembamba, Abigael akatafsiri.

"Wanakungoja wewe. Nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga. Anaingia yeye kwanza, na watu wake."

Mugure aligeuka nyuma, kana kwamba kuna mtu wa kumshika mkono. Kisha akaingia peke yake.