Koili ya Marehemu Shebe

Kibwana alikifungua kivukizi kwa vidole vyake vyembamba vya chuma, akaitoa koili na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Koili yenyewe si kitu cha kutisha. Ni waya mwembamba uliosokotwa mviringo, unaopata moto ukipitishiwa umeme, na katikati yake hupita utambi wa pamba unaonyonya maji ya manukato. Maji yakikutana na moto hugeuka mvuke, mtu akauvuta, akajiona bado anavuta sigara. Chombo chenyewe wazee wetu walikiita sigara ya umeme. Watu wa Tanga ya minara walikibandika jina la kivukizi, wakawa wanakivutia kila kitu, kuanzia dawa ya pumu mpaka harufu ya maua ya vilua.

Koili hii ilikuwa nyeusi tititi. Ilikuwa imelala miezi bila kuguswa, na masalia ya maji yalikuwa yameigandia kama sukari iliyoungulia sufuriani. Kibwana, ambaye ni roboti wa nyumbani na hana haraka na mtu, aliichomoa pamba kuukuu kwa kibano, akaitupa kwenye tanuri la taka, ikawa majivu. Koili akaitumbukiza kwenye kikombe cha spiriti, akangoja uchafu ulainike na kuachia. Kisha akaisuuza kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha, akaipitishia umeme kidogo kidogo mpaka ikawaka nyekundu sawasawa, bila doa. Ilipopoa akaanza kuitia pamba mpya. Kazi safi, haki ya Mungu. Ungemwona ungesema kajaliwa subira yote tuliyonyimwa sisi wengine.

Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa kanuni tu. Koili iliyolala zaidi ya miezi mitatu sharti ioshwe kabla mtu hajaitumia, kwa sababu uchafu mkavu ukipata moto hutoa moshi mbaya, na pamba kuukuu huota ukungu. Zamani watu walikuwa wakiokota vivukizi vya kale kwenye droo, wakavuta hivyohivyo, wakaishia kulazwa. Basi mhandisi mmoja wa kampuni ya roboti akaitunga kanuni ile, na roboti wote wa mji wakaifuata. Mhandisi huyo anaitwa Zuwena, na nyumba hii ni yake. Kivukizi kilikuwa cha mumewe, marehemu Shebe.

Wakati huo Zuwena alikuwa bafuni, anaoga kutoka eda.

Muda wote wa eda hakujitia manukato, kama ilivyo ada, na kivukizi cha mumewe, ambacho hata kikizimwa hunukia, alikifungia kabatini. Majirani wa mnara walisifu uchaji wake. Uchaji ulikuwepo, sikatai. Lakini mwanamke yule alikuwa pia anaogopa.

Maana Shebe alikuwa mvutaji wa tumbaku hasa. Daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake, aliapa mbele ya mkewe kwamba tumbaku basi. Kivukizi atabaki nacho kwa ajili ya mazoea ya mkono, ila ndani ni manukato matupu: karafuu, mdalasini na vilua, akichanganya mwenyewe kwenye glisirini. Zuwena aliamini. Baadaye kikohozi kikarudi, na kila Shebe akitoka kucheza karata, shati lake likawa linanuka tumbaku. Shebe alisema wanaovuta ni wenzake. Zuwena, ambaye anajua nikotini haina rangi na inaweza kutiwa kwenye maji ya namna yoyote, akaona anafanywa mjinga.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, yakawalipukia. Shebe alikisukuma kivukizi mpaka upande wa pili wa meza.

"Mpe Kibwana ainuse koili," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyemtia pua."

Ni kweli. Katika kiganja cha kila roboti wa nyumbani kuna pua, kidude kidogo kinachoweza kuitambua harufu na kutaja kila kilichomo ndani yake, mpaka chembe ya mwisho. Zuwena angenyoosha mkono tu, ugomvi ungekwisha. Hakunyoosha.

"Pua yangu yatosha," akasema. "Uongo wako unanuka mpaka sebuleni."

Shebe akachukua kofia yake, akaenda kwenye karata, na moyo ukamsimama hukohuko, karata mkononi.

Siku ya mazishi iliombwa, kama inavyoombwa siku zote, mwenye haki yake kwa marehemu amsamehe. Wanawake wakaitikia, tumemsamehe. Zuwena aliitikia kwa ulimi, moyo ukagoma. Angejua Shebe alimdanganya, angemsamehe yaishe. Kutojua ndiko kulikomla. Akajiwekea ahadi kwamba siku ya kutoka eda atampa Kibwana ile koili ainuse, liwalo na liwe.

Sasa siku imefika, na wifi yake Mwanakombo, dada wa marehemu, amekuja tangu asubuhi kumtoa eda. Ni yeye aliyefungua kabati kutoa nguo mpya, akakiona kivukizi cha kaka yake, akakibusu, akakiweka mezani. Kwa Kibwana, kilichowekwa mezani kinataka kutumika.

Zuwena alitoka bafuni na kanga mpya, akaiona koili inang'aa kama pete.

"Kibwana, umefanya nini?"

"Nimeosha koili, Mama. Ilikuwa imelala kupita kipimo. Sasa iko tayari."

"Nani kakwambia uioshe?"

"Wewe, Mama."

Zuwena akakaa kitini. Alijua hakuna la kumlaumu roboti. Aliuliza pamba iko wapi, akaambiwa imeungua. Akamwambia ainuse koili hivyohivyo. Kibwana alitandaza kiganja juu yake.

"Chuma," alisema. "Na pamba mpya. Hakuna kingine."

"Ndivyo nilivyokufundisha," Zuwena alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mwanakombo alitoka jikoni kwa mbio, akidhani ni kilio cha kutoka eda. Aliposikia habari yenyewe akasimama, mikono kiunoni.

"Kumbe miezi yote hii ulikuwa umemweka kaka yangu kizimbani."

"Nilitaka kujua tu, wifi."

"Mimi sikukwambia kwamba haguswi na tumbaku yule?"

"Wewe dada yake. Mwamba ngoma huvutia kwake."

"Haya," Mwanakombo akasema, "baki na ngoma yako." Na kwa kuwa yeye akikasirika husafisha, akaanza kukusanya vitu vilivyotapakaa mezani: kibano, kitambaa, vipande vya pamba. Mwisho akakinyakua kile kikombe cha spiriti, ambacho sasa kilikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, akaenda nacho kwenye sinki. Alikuwa ameshakiinamisha Kibwana alipomshika mkono.

"Bibi, spiriti haimwagwi."

"Niachie, we chuma."

"Spiriti haimwagwi kwenye sinki. Hutiwa kwenye chupa, ikafungwa, mpaka mchukuzi aje aichukue."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Zuwena, ya tangu mvuke wa spiriti ulipowaka kwenye mabomba ya mnara mmoja kule Raskazone. Mwanakombo akasonya.

"Nyumba hii hata uchafu mnautunza," alisema. "Ndiyo maana marehemu alikuwa akituchekesha kwamba mkewe anaweka akiba ya uchafu."

Zuwena akainua uso. Alikitazama kikombe, akayatazama yale maji ya rangi ya chai, akasimama polepole, asije akamshtua wifi yake akakiangusha. Uchafu wa koili haukupotea. Ulihama tu. Kila kilichokuwa kimegandia ule waya sasa kilikuwa kikombeni, mkononi mwa Mwanakombo, shibri moja kutoka sinki.

"Wifi," alisema, "nakuomba usitikisike."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiweka mezani, akamwita Kibwana. Kiganja cha chuma kikatanda juu ya kikombe. Mwanakombo alielewa bila kuambiwa, na hasira ikamtoka. Sasa na yeye akaogopa. Ni kitu kimoja kumtetea ndugu yako, ni kingine kusubiri jibu la mashine isiyojua ndugu.

"Spiriti," Kibwana akaanza. "Glisirini. Karafuu. Mdalasini. Vilua. Sukari iliyoungua. Mate ya mtu mmoja."

"Na tumbaku?" Zuwena akauliza.

"Hakuna."

"Nikotini?"

"Hakuna, Mama."

"Angalia tena."

"Nimeangalia tena. Hakuna hata chembe."

Zuwena akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu ile Ijumaa. Akacheka, kicheko chembamba cha mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Kisha akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, na Mwanakombo akakijua, akaja kukaa karibu naye.

"Nilikwambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Na yeye aliniambia."

Mwanakombo alimpangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Nimemsamehe, kumbe la kusamehe halipo," Zuwena akasema. "Mimi sasa atanisamehe nani, wifi?"

"Kaka yangu hakuondoka na kinyongo. Alipofika kwenye karata aliwaambia wenzake, leo mke wangu kanifukuza kwa pua. Wakacheka wote, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Wakamzimia sigara zao. Wenyewe ndio walionihadithia."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Mwanakombo akamtazama. "Ungeamini?"

Kisha aliinuka akaleta sinia ya kutokea eda: udi, marashi, kijichupa cha mafuta ya asumini. Akamsogezea achague. Zuwena aliipitisha macho sinia yote, kisha akachovya kidole kwenye kikombe, akajipaka nyuma ya sikio hili, na nyuma ya sikio lile.

"Wifi, hayo maji machafu," Mwanakombo alisema.

"Najua."

Yalinuka kuungua, na chini ya kuungua ikaja karafuu, halafu vilua. Mwanakombo akainamisha kichwa shingoni kwa wifi yake, akaivuta harufu. Kisha na yeye akachovya kidole.

Kibwana alikuwa amesimama na chupa tupu, anangoja kuyatia yale maji.

"Yaache," Zuwena alimwambia. "Na uandike kanuni mpya. Kitu cha mtu kisiguswe kabla mwenyewe hajaulizwa."

"Nimeandika, Mama. Na akishajibu, nithibitishe kwa pua?"

Zuwena alikifunika kikombe kwa kiganja chake.

"Hapana," alisema. "Akijibu, mwamini."