Kamba ya Kuanikia Ukindu

Kila asubuhi kabla ya shule niliteka maji, nikafagia uwanja, kisha nikamtolea mama ukindu aliokwisha kuutia rangi ili auanike. Mama yangu, Bi Mwaija, alisuka mikeka hapa Bagamoyo, na mikeka hiyo ndiyo iliyotulisha. Mwaka 1954 alikatwa titi la kulia hospitalini Dar es Salaam kwa sababu ya saratani. Alirudi hai, alhamdulillahi, lakini mkono wa upande ule ulikataa kupanda.

Nesi Genoveva wa zahanati alikuja nyumbani, akafunga kamba uani, usawa wa bega la mama. "Mwanamkasi, kila Ijumaa ipandishe vidole viwili," aliniambia. "Mama aanike mwenyewe, kwa mkono huohuo. Usipotumika utakakamaa."

Ijumaa ya kwanza niliipandisha. Mama akanyoosha mkono, akauma midomo, machozi yakamlengalenga. Loo, nilishindwa! Alfajiri ya pili yake nikaiteremsha kimyakimya, na nikawa nafanya hivyo kila wiki. Mama akianika bila taabu hunitania, "Umeona? Mama yako bado kigoli!" Nami nikicheka naye, mjinga mimi.

Baada ya wiki sita nesi akarudi, akatukuta mbele ya nyumba, asikoiona kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," kisha akamwambia mama ainue mkono. Mkono ukaishia begani.

"Kamba imepanda wiki zote hizi, na mkono uko palepale?" Nesi alikunja uso. "Nahofia ugonjwa umerudi. Itabidi uende tena Dar."

Mama akaketi chini mchangani. "Yarabi! Mwanangu nimwachie nani?"

Sikustahimili. "Mama, haukurudi! Ni mimi! Nilikuwa naiteremsha kamba. Nilikuonea huruma."

"Umenitisha kuliko kisu cha daktari, mwanangu," mama akasema. Nililia kwa kwikwi.

Tangu siku ile niliipandisha kamba kwelikweli. Mama alipoguna, nilisimama karibu yake, nikamhimiza, lakini sikuigusa. Miezi mitatu baadaye alijitanda kanga kichwani kwa mikono yote miwili, akaenda arusini.

Nesi alifurahi mno. "Mwanamkasi, anayepona hasaidiwi kwa kufanyiwa kila kitu, wala kwa kudanganywa. Mwache atumie viungo vyake, nawe kaa naye karibu."

"Tena anidanganye aone," mama akasema huku akiinua mkono juu kabisa. "Sasa kofi linafika!"