Nyumba Ukutani, Si Wingu

Duka la kuchapisha lilifurika mpaka mlangoni. Mwalimu wa kompyuta, gauni lake la njano limebanwa huku na huku, alikanyagwa na kijana mwenye fulana iliyojaa madoa ya wino.

"Samahani, dada."

"Samahani itaniondolea maumivu?"

"Basi nipe namba ya simu, niulizie hali ya mguu."

Kijana alikuwa mchoraji wa duka lile. Mguu ulipona siku ile ile, lakini simu hazikukoma. Akawa anamwita "mwalimu wangu", naye akamwita "Wino".

Chuoni mwalimu alikuwa na vita. Mkuu wa idara alitaka somo la wingu, yaani kuweka kazi zako kwenye kompyuta za mbali, lifundishwe kwa picha ya wingu kama ilivyo kitabuni. Mwalimu hakutaka. Alichora nyumba: mwenye nyumba, wapangaji, kila mmoja na ufunguo wake, na waya unaofika hadi kwenye simu ya mwanafunzi. Akampa Wino aichape kubwa.

Wino aliona nyumba imepauka. Kwa mapenzi yake akaifuta, akaweka wingu jeupe la kupendeza. Ndoa bado, nyumba keshaivunja.

Mwalimu alilikunjua bango mbele ya darasa, mkuu akiwa ameketi nyuma.

"Mwalimu," binti mmoja aliuliza, "mvua ikinyesha, mafaili yangu yanalowa?"

Mkuu alitabasamu. "Picha nzuri. Ibaki. Ukiitoa, somo nampa mwingine."

Mwalimu alitoka nje, akapiga simu.

"Nani alikuomba wingu?"

"Nilitaka ipendeze, mpenzi."

"Hata wewe hukunisikiliza." Akakata, na moyo ukamuuma kweli.

Kipindi kilichofuata aliling'oa bango, mkuu akimtazama, akashika chaki.

"Faili lako haliko angani. Limepanga kwenye mashine ya mtu. Akizima umeme, utajua."

Mlango ukagongwa. Wino aliingia na bango jipya: nyumba ile ile, kila ufunguo mahali pake. Lakini chumba kimoja kilikuwa na wapangaji wawili, mmoja gauni la njano, mwingine fulana ya madoa.

"Hiki sikukichora," mwalimu alisema.

"Nakiomba. Ukikataa nakifuta, nyumba inabaki yako."

Mkuu alisimama. "Mwalimu, somo hili si lako tena."

"Nimesikia, mkuu. Ngoja nilimalize." Akamgeukia Wino. "Lete gundi. Tunahamia leo."