Ushuhuda Uliofutwa Makiso

Ulijua, ukageuza uso. Ushuhuda wa watu mia nne wa vita vya siku sita, vilivyopiganwa mitaani mwetu, Tshopo na Makiso, ulifutwa kwenye seva ya ofisi inayoutunza pale Makiso, siku chache kabla ya kufikishwa mbele ya majaji, nawe ukaendelea kuulizia bei ya chikwangue, mkate wa muhogo.

Inspekta Solange Lofemba hakugeuza. Alisimama mbele ya seva, Mama Micheline nyuma yake. Faili la mama huyo ndilo pekee lililosema jinsi mwanawe Désiré alivyokufa.

"Nani aliingia humu?"

"Hakuna mutu, mama inspekta," alijibu Héritier, fundi wa kompyuta. "Mulango ulifungwa. Mutu alituma programu kwa mtandao wa humu ofisini, ule hautokake inje, ikaingia ndani ya folda yetu ya pamoja. Halafu akaiamuru ifanye kazi humu humu, kwenye seva. Mustari moja tu wa amri: futa yote. Yeye alikuwa amekaa kwenye mashine ingine."

"Kwa jina la nani?"

"Langu."

"Si niliwaambia?" Mkurugenzi Évariste alidakia kutoka mlangoni. "Bon, mumufunge!"

Wangemfunga, nawe ungesema haki imetendeka. Solange alisoma kumbukumbu za seva. Amri ilifika Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Alhamisi umeme ulikuwako?"

"Ulikatika tangu alfajiri."

"Na jenereta?"

"Iliwaka. Lakini inalishaka seva na bureau ya papa directeur, basi. Sisi wengine mashine zinazimaka, tunakaaka inje, tunangoja."

Watu wa pale walikuwa wameizoea desturi hiyo ya mkubwa kuwa na taa peke yake, hata hakuna aliyeiwaza. Évariste mwenyewe hakuiwaza.

"Basi ni kompyuta moja tu iliyokuwa ikiwaka, papa Évariste," Solange alisema. "Yako. Neno la siri la Héritier ulilitoa wapi?"

"Alors? Mimi ni mukubwa. Maneno ya siri ya wote iko kwangu, ndani ya bahasha."

"Na ufunguo wa ofisi yako, nani mwingine anao?"

Évariste alifunika mfuko wa suruali kwa mkono. Micheline akasogea.

"Jibu, papa. Ama unaogopa page ya tatu ya faili yangu?"

Mkurugenzi aliketi.

"Nilikuwa mwalimu," alisema. "Mabombu inaanguka, watu wakakimbilia shule. Funguo ni mimi nilikuwa nazo. Nikafunga geti. Niliogopa askari watawafuata mupaka ndani. Watu kumi na moja walikufa inje, wananiita kwa jina. Désiré alikuwa mwanafunzi wangu."

"Nilisikia," Micheline alisema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Ni mimi niliandikisha jina lako."

"Donc ulifuta mia nne ili ufiche moja," Solange alisema, akitoa pingu.

"Kufuta moja kungenionyesha."

Mafaili hayakurudi. Nakala hakuna. Micheline ameanza upya, kwa mdomo, Héritier akiandika kwa kalamu. Majaji wanafika Jumatatu. Wewe uliyekuwa Tshopo, wewe uliyekuwa Makiso siku zile, majina unayo kichwani. Panda toleka, teksi yetu ya baiskeli. Njoo uyaseme, leo hii.