Likizo Haikuwa Yake

"Nazar, mbona sajini wako ananipigia mimi?"

Solomia alisimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi, mtoto kiunoni. Mumewe alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Umepokea?"

"Kwa nini nisipokee? Kaniuliza, 'Dada, mumeo yu hai?' Nikacheka. Nikamwambia yuko hapa jikoni, masikio bado yanamuuma, si mmemwongezea likizo wenyewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Hakuna aliyemwongezea.'"

Nazar aliweka kisu chini.

"Kuna jingine," Solomia alisema. "Yarema ameuawa."

Yarema. Aliyekua na Nazar mtaa mmoja, wakaingia jeshini siku moja, akawa baba wa ubatizo wa Zlata wao. Kanisani siku ile alimshika mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba supu ya moto, watu wakacheka.

Nazar alikaa chini sakafuni, palepale penye maganda.

"Sajini anasema alikuwa anakungoja," Solomia akaendelea polepole. "Anakungoja vipi, Nazar? Niambie mimi mkeo. Likizo ile ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yake."

"Sema tena."

"Ilikuwa yake! Zamu ilimwangukia yeye. Akaniambia nenda wewe, una mtoto hujamwona akikaa. Ukirudi utanipokea shimoni mstari wa mbele, ndipo mimi nitoke."

"Na hukurudi."

"Sikurudi."

"Ukaja kuniambia daktari amesema upumzike. Nikakupikia supu ya borshi. Nikafunga mapazia ili mwanga usikuumize kichwa. Nikaenda dukani kwa Odarka nikajigamba, mume wangu anauguza masikio aliyoumizwa na mabomu! Mimi, Nazar! Nimesimama mbele ya wanawake ambao waume zao hawajaonekana tangu masika, nikajigamba!"

"Solomia, hujui kulivyo kule."

"Basi nijulishe. Hujawahi kunijulisha kitu."

Alijifuta pua kwa mkono wenye tope la viazi. "Zamani chakula kikiletwa tulikuwa tunasukumana kwenye foleni. Siku hizi hakuna foleni. Wanaletwa wapya, hujashika hata majina yao, wameisha. Mtu akiingia shimoni anakaa wiki hadi wiki, kwa sababu hakuna wa kumpokea. Huchungulii nje hata kwenda haja, droni iko juu inanguruma tu. Wenzangu walishaacha kuulizana vita vitaisha lini. Mara ya mwisho nilimbeba mwenzetu Fedir mgongoni njia nzima, namsemesha, namwambia vumilia tunakaribia. Kumbe nasemesha maiti. Halafu nikafika hapa, Zlata akanishika kidole. Siku ya kurudi ilipofika nikavaa viatu, miguu ikagoma. Ikagoma kabisa."

Solomia alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpiga, na mikono yake ilikuwa na mtoto.

"Kuogopa nakuelewa," alisema. "Hata mimi naogopa, kila simu ikilia. Kunidanganya ndiko sikuelewi. Washa simu yako."

"Ya nini?"

"Washa!"

Akaiwasha. Ujumbe ukaanza kumiminika, mmoja juu ya mwingine, wote wa Yarema. Solomia akausoma kwa sauti.

"Kaka, umefika? Zlata ameota jino?"

"Kaka, lini? Nanuka mpaka panya wananihama."

"Kaka, usiharakishe sana. Lakini njoo."

Wa mwisho alishindwa kuusoma. Akamgeuzia Nazar kioo cha simu ausome mwenyewe.

"Sajini anasema umetoroka. Nimemjibu, huyo mtoro unayemsema wewe mimi simjui."

Nazar alijifunika uso.

Jioni hiyo kundi la kijiji la mtandaoni likatangaza: "Yarema wetu anarudi nyumbani kesho mchana. Tokeni barabarani na maua." Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Kila mtu alijua anaporudishwa askari namna hiyo kijiji kinajipanga kandokando ya barabara na kupiga magoti, kuanzia darajani hadi kwao marehemu.

"Utatoka?" Solomia aliuliza.

"Wataniona."

"Ndiyo maana ya kutoka."

"Nitaangalia dirishani."

"Haya, angalia. Ukilala usinilalie karibu."

* * *

Barabara ilikuwa na tope na majani yaliyooza. Watu walisimama na maua ya bustanini. Odarka wa dukani akajisogeza karibu na Solomia.

"Shoga, mgonjwa wetu vipi? Angejifunga hata skafu masikioni akatoka. Au ndiyo masikio yameshuka miguuni?"

"Odarka, niache."

"Nauliza tu. Wangu mimi yuko huko huko, na masikio yake sijui hata kama bado anayo."

Gari lililobeba jeneza likaonekana. Barabara nzima ikashuka magotini, wazee wakiegemea fimbo, wanawake wakiwa na watoto vifuani. Solomia alipiga magoti na Zlata, na baridi ya tope ikampenya. Akawa anajiambia moyoni: wote hawa wanamlilia. Mimi peke yangu ndimi ninayejua alikuwa anamngoja nani.

Gari likasimama mbele ya geti la mama yake Yarema, karibu kabisa na kwa Solomia. Askari wawili wakashuka, mmoja anachechemea.

"Tusameheni," yule anayechechemea aliwaambia watu. "Walipaswa kuja wabebaji kamili. Kikosi hakina watu."

Wazee wakaanza kusogea wajitolee. Mwalimu mstaafu akavua kofia. Mama Stefania, mama wa marehemu, alikuwa na vitambaa vilivyotariziwa begani, vile wanavyofungwa mkononi wanaobeba jeneza. Akavigawa, akabakiza kimoja. Akaenda nacho moja kwa moja hadi kwa Solomia.

"Mwanangu, mwite Nazar."

"Mama…"

"Najua anaumwa. Sitamchosha, ni kutoka garini hadi uani tu. Ni rafiki wa mwanangu. Kitambaa hiki nimekitenga kwa ajili yake."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Hawezi kusimama, mama. Anatapika, mama. Watu wote wangeuamini, na mama huyu angeuamini kuliko wote. Solomia akafungua kinywa.

"Haumwi, mama," alisema. Uso ulimwaka moto. "Yuko ndani. Haumwi."

"Sijakuelewa."

Mlango wa nyumba ukafunguka nyuma yao. Nazar alitoka bila koti, akatembea hadi barabarani, akapiga magoti topeni mbele ya Mama Stefania.

"Anasema kweli. Likizo niliyokuja nayo ilikuwa ya Yarema. Alinipa. Nilitakiwa nirudi nimpokee ili aje kukuona. Sikurudi."

Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mtoro!" Odarka akajishika mdomo. Yule askari anayechechemea aligeuka akatazama shamba.

"Alikungoja?" Mama Stefania aliuliza.

"Alinigoja, mama."

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

Nazar akasema ukweli. "Nilikuwa nimelala. Na kula. Na kucheza na mtoto."

Mama alisimama juu yake, kitambaa mkononi. Wote walingoja ampige. Solomia mwenyewe alingoja, na aibu yake ni kwamba sehemu moja ya moyo ilitaka apigwe, na nyingine ilikuwa tayari kumkinga kwa mwili wake.

"Sikusamehi," Mama Stefania alisema. "Usinitumie mtu kuniombea msamaha, wala mkeo. Lete mkono."

Akamfunga kitambaa, akakaza fundo hadi Nazar akakunja uso.

"Mwanangu ni mzito na hawa ni wazee. Beba."

Akabeba. Hakuna aliyezungumza naye njiani, lakini hakuna aliyemwondoa chini ya jeneza.

* * *

Usiku ule Nazar hakulala. Asubuhi alimpigia sajini mbele ya mkewe, spika ya simu ikiwa wazi.

"Nakuja leo."

"Kuna karatasi za kusaini," sajini alijibu. "Na kuna watu wamejiandaa kukutukana, mimi wa kwanza. Aliyeingia badala ya Yarema naye anangoja wa kumpokea. Usipofika leo, usinipigie tena."

Kituoni Mama Stefania alikuwa amefika kabla yao. Alimtupia Nazar kifurushi kifuani, kinatoa harufu ya mikate ya kabichi.

"Ya wenzake mwanangu. Si yako. Ukila hata mmoja nitajua."

Kisha akamchukua Zlata mikononi mwa Solomia bila kuuliza, akaenda naye pembeni akimfunga kofia vizuri.

Basi likanguruma. Nazar akamsogelea mkewe.

"Bado unanipenda?"

"Panda basi, Nazar."

"Nijibu kwanza."

"Sijui nikutazame vipi, unataka jibu! Panda."

Akapanda. Basi likakata kona. Solomia akabaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi, watu wa kituoni wakimwangalia na kugeuka. Akatoa simu, akamwandikia.

"Nakupenda. Nakuonea aibu, lakini nakupenda. Kuanzia leo niambie kweli tu, hata ikiwa mbaya."

Jibu lilichelewa. Alidhani halitakuja. Kisha simu ikatetemeka. Neno moja.

"Naogopa."

Machozi yakamtoka Solomia katikati ya kituo, na hakuyaficha. Akaandika:

"Haya. Sasa ndiyo unaongea na mke wako."