Mafuta ya Chupa ya Soda

Kila Jumatano asubuhi, Nasifu na mkewe Hajarah hutoka Busia kwenda Majanji kununua samaki wa kuuza Tororo. Nasifu huendesha, Hajarah hubishana naye njia nzima. Ndivyo wanavyopendana.

Jumatano moja, kabla hawajaondoka nyumbani, taa nyekundu ya breki iliwaka. Nasifu akafungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa yamepungua. Akatoa chupa ya soda chini ya kiti. Ndani mlikuwa na mafuta mekundu.

"Hayo ni nini?" Hajarah akauliza.

"Ya breki. Swabur, yule muuza mafuta wa mpakani, alinipimia."

"Nani kamwambia Swabur ni ya breki?"

"Mafuta ni mafuta, Mama Nusura. Samaki wanangoja."

"Waache wangoje. Mimi na huyu aliye tumboni hatupandi."

Nasifu alinuna, lakini chupa akaiweka chini. Hajarah akaenda kumwita jirani yao Adeke, fundi wa magari. Adeke alinusa mafuta, akakunja uso.

"Baba Nusura, haya ni ya giaboksi. Yakiingia humu, mipira ya breki inavimba na kuharibika. Utakanyaga, na gari litakwenda tu."

Nasifu akamtazama mkewe, kisha tumbo lake. Sauti ilimshuka.

"Sasa nitajuaje ya kweli?"

"Futa kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, soma. Gari lenyewe linakwambia."

Nasifu akafuta vumbi kwa kidole. "D, O, T. Tatu." Miaka minne na gari hilo, hakuwahi kuyaona maandishi hayo.

"Basi nunua chupa iliyoandikwa hivyo," Adeke akasema. "Hata DOT nne itafaa. DOT tano usichanganye kabisa. Na chupa iwe haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya maji ya hewani. Yakiwa na maji, breki zikipata moto yanachemka, pedali inakuwa laini kama uji."

"Kwa hiyo najaza tu, nakwenda?"

"Hapana. Yakipungua, kuna sababu."

Adeke akafungua magurudumu. Hakuona mahali panapovuja, ila pedi za breki zilikuwa zimelika, zimebaki nyembamba kama karatasi; ndiyo maana mafuta yalishuka. Akaweka mpya. Akatoa mafuta ya zamani, meusi kama kahawa, akatia mapya na kutoa hewa yote kwenye mabomba ya breki.

"Kila miaka miwili uyabadilishe," akasema.

Siku hiyo samaki walinunuliwa na wengine. Nasifu alinung'unika mpaka jioni.

Jumatano iliyofuata walikuwa wakirudi na mzigo mzito. Karibu na Lunyo, ng'ombe watano wakaingia barabarani ghafla. Nasifu akakanyaga. Pedali ikawa ngumu, gari likasimama, na ng'ombe wa mwisho akapita polepole mbele ya boneti.

Hajarah alikuwa ameshika tumbo. Nasifu akauweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe.

"Mbona hubishani leo?" akauliza.

"Subiri mtoto atulie," Hajarah akasema. "Ameanza kupiga teke. Nadhani naye anataka kukuambia neno."