Gauni Lililopunguzwa Kiuno

Gauni la kwanza lilikutwa juu ya kitanda cha mtoto Jumamosi mchana, limekunjwa vizuri, bado lina joto la pasi. La bluu, mfukoni vipepeo vitatu vya uzi wa njano, maana mtoto yule alikuwa na wazimu wa vipepeo. Mama yake, mhazili wa ofisi moja, alidhani mumewe kaleta. Mume naye akadhani mke. Hakuna aliyeuliza.

"Limenikaa!" mtoto akazunguka nalo. "Kama alilonishonea shangazi."

Mhazili akacheka juu juu. Shangazi mtu alikuwa na mwezi kaburini.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka kumtetea mhazili akamtetee kwake. Huyo marehemu, dada wa mume, alikuwa fundi cherehani, na zawadi zake hazikuwa za kukurupukia dukani. Alikukumbatia, kumbe anakupima. Alikuchunguza miezi: unakaaje, unapenda nini, unaonea nini aibu. Ndipo akakata kitambaa. Mhazili alishonewa naye gauni lililoficha bega lake la kushoto, lililoinamishwa na mkoba wa kazini, bega ambalo hata mume hakuwahi kuliona. Alilishona huku anakohoa damu. Mhazili akalipokea kwa tabasamu, akalifunga upya kwa karatasi ya kung'aa, akampelekea mke wa bosi siku yake ya kuzaliwa. "Nimekuagizia wewe tu, mama," akasema. Uso mkavu!

Mke wa bosi ni mwembamba, gauni likampwaya, akalipeleka kwa fundi lipunguzwe kiuno. Kwa fundi gani? Kwa wifi mtu! Ikambidi yule mgonjwa ashike mkasi, aikate zawadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Wiki ya pili alikata roho.

Gauni la pili lilikuja Jumatano. Lilikuwa jembamba kuliko la kwanza, na lilimkaa mtoto. La tatu likaja fupi, nalo likamkaa. Mtoto anakula, anacheka, lakini sketi ya shule inamdondoka. Baba mtu akasema ni minyoo. Daktari akapima hiki na kile, hakuona kitu. Nyumba nzima ikawa inanuka chaki ya fundi na kitambaa kilichoungua kidogo, hata ukifungua madirisha yote. Maji yakazidi unga, akaitwa mganga wa majini. Alifika mlangoni, akanusa.

"Jini limepanda juu ya hasira ya mtu," akanong'ona, "na mtu mwenyewe ana haki yake. Mimi simo." Akaondoka mbio, kandambili zake kaziacha kizingitini.

Mchana wa gauni la tano, mtoto wa miaka saba alikuwa amelala ndani ya nguo ya mtoto wa miaka mitatu, imemkaa sawasawa, na mhazili ameketi pembeni ya kitanda, jua limejaa chumbani, majirani wanasikika wakianika nguo, ndipo akasikia kwacha, kwacha, mkasi unakata polepole, si uvunguni, si dirishani, bali palepale kitandani, na alipofunua shuka akaona mstari mweupe wa chaki unajichora wenyewe ubavuni mwa mwanawe, unashuka, unakata kona penye nyonga, unarudi juu, bila mkono wowote, na kila ulipopita mwili uliingia ndani kidogo.

"Wifi," akanong'ona, "wifi yangu, mtoto hana kosa."

Mdomo wa mtoto ukafunguka, macho yamefumba. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu mwenye kifua.

"Na gauni langu lilikuwa na kosa gani?"

"Nisamehe."

"Kalichukue. Ulivae."

Alikwenda na ndara kwa mke wa bosi, akasema yote akiwa amesimama mlangoni: lilikuwa langu, nilishonewa na wifi yangu, nilikudanganya.

"Yule fundi alilia wakati anakata," mke wa bosi akasema. "Nikadhani ni moshi wa pasi." Akamletea gauni. "Na kazini kwa mume wangu usikanyage tena."

Mhazili hakujali tena kazi. Alirudi mbio, akavua, akalivaa palepale mbele ya kitanda. Mabegani lilimkaa vizuri mno, hata akaona aibu. Kiunoni likagoma. Akavuta pumzi, akavuta zipu, vidole vikamtoka damu. Kitandani mtoto alikuwa ameshapungua hadi mto ulimzidi.

"Halinitoshi, wifi! Wewe ndiye uliyelipunguza!"

"Vipande nilivitupa," mdomo mdogo ukasema. "Gauni haliongezeki tena."

Akalia, akabisha, akataja jina la Mungu. Kisha akahisi chaki, baridi, inapita kiunoni mwake juu ya ngozi, taratibu, kwa mkono wa fundi asiye na haraka. Na pale ilipompita, mstari wa ubavuni mwa mtoto ulififia, kifua kidogo kikapanda, miguu ikajinyoosha kidogo kwenye shuka. Chaki ikasimama. Ilikuwa inamngoja aseme.

Mhazili akamtazama mwanawe. Akanyanyua mikono yote miwili, kama anayepimwa nguo, akafumba macho.

"Kata, wifi," alisema, na mkasi ukaanzia kiunoni.